Nampeleka shosho Kisumu na watoto watatu Desemba, nisaidieni na malazi na njia

MamaTatu_Nax

Habari zenu wadau. Niko Nakuru upande wa Section 58 na Desemba hii shule zikiwa zimefungwa tunataka kwenda Kisumu kama familia. Tuko sita, mimi na mzee wangu, watoto watatu (11, 8 na 4), na mamangu ako na miaka 71, magoti yanamsumbua na anatumia dawa za presha kila siku. Gari tuko nayo, Noah, kwa hivyo usafiri si shida sana. Bajeti ni elfu hamsini na tano kila kitu ndani, mafuta, kulala, chakula na viingilio, siku nne usiku tatu.

Nimeandika orodha ya venye nataka tuzunguke: ufuo wa Dunga, hifadhi ya wanyama ya Impala Sanctuary, mawe ya Kit Mikayi, kisiwa cha Ndere, Kogelo kwa kina Obama, kisiwa cha Rusinga kwa kaburi la Tom Mboya, alafu Kakamega Forest tukirudi. Mzee wangu anasema ni mingi, mimi nasema tukishafika huko tusirudi bila kuona.

Shida yangu kubwa ni mahali pa kulala. Pasaka tulienda mji mmoja wa pwani, nilikuwa nimeona nyumba kwa mtandao, picha safi, nikatuma dipositi ya 9,000 kwa namba niliyopewa. Tukafika saa mbili usiku na watoto wamelala kwa gari, namba imezimwa, kufika kwa geti mlinzi anatuambia hiyo nyumba ina mwenyewe anaishi ndani na haijawahi kukodishwa hata siku moja. Tulilala hoteli ya kwanza tuliyoona, bei ikatuumiza, na siku zilizobaki nilikuwa nahesabu pesa badala ya kufurahia bahari. Sitaki mama apitie hiyo. Sasa mnaoishi Kisumu niambieni, ni afadhali hoteli ama nyumba, mtaa gani, na nitajuaje mtu ni wa kweli kabla sijatuma kitu?

---

NyarMilimani

Karibu Kisumu dadangu, na pole sana kwa hayo ya Pasaka. Kutapeliwa ukiwa na watoto usiku kunauma kuliko hata hizo pesa.

Mkiwa sita na mtu mzima na mtoto wa miaka minne, mimi ningechukua nyumba yenye jikoni. Hoteli mtahitaji vyumba viwili ama vitatu na kila asubuhi mnangoja chai ya watu, na mtoto mdogo huwa anaamka saa kumi na moja na njaa. Nyumba ya vyumba vitatu unapika uji, dani (ndio shosho kwa Kijaluo) anakaa sebuleni na leso yake kama yuko kwake. Mtaa, angalia Milimani ama Tom Mboya Estate. Milimani uko karibu na Impala na njia ya Dunga, dakika chache tu. Riat kule juu kuna upepo na unaona ziwa lote chini yako, ni pazuri kweli, lakini kila safari ya mjini ni kushuka na kupanda, na mchana jua la hapa si kama la Nakuru, nyinyi mnatoka kwa mita 1,850 na huku ziwani ni 1,130 hivi, mtasikia tofauti hata usiku.

Kuhusu kujua mtu wa kweli, picha usiamini kabisa. Mwambie mwenye nyumba akupigie simu ya vidio akiwa pale pale, aanzie getini, aingie mlangoni, afungue mfereji maji yatoke, akuonyeshe kitanda na neti juu yake, arudi nje akuonyeshe barabara. Mwenye nyumba halisi atafanya hivyo kwa dakika tano, tapeli atakwambia bando imeisha ama yuko safarini. Alafu M-Pesa inakuonyesha jina la anayepokea kabla pesa haijaenda, kama jina si lile alilokupa acha hapo hapo. Ukiwa na mtu yeyote Kisumu, hata rafiki ya rafiki, mtume akaone na macho. Na usitume yote, tuma kidogo ya kushikilia, zingine unalipa ukiwa ndani na funguo mkononi. Kama ingetokea umetuma kwa namba isiyofaa, ile meseji ya M-Pesa unaituma kwa 456 mara moja, usingoje hata dakika kumi, maana akishatoa pesa kurudishiwa ni ngumu.

Mambo ya kuuliza ambayo watu husahau: ngazi (magoti ya dani, taka nyumba ya chini), choo ni cha kukaa ama cha kuchuchumaa, tangi la maji liko, neti ziko kwa kila kitanda si kimoja tu, na gari linalala ndani ya geti ama nje. Usiulize "kuko sawa?" kwa sababu jibu ni ndiyo kila siku. Uliza kitu kimoja kimoja.

Orodha yako sasa. Rusinga toa. Ni safari yake peke yake, upande ule mwingine wa ghuba, ukitaka kwenda na kurudi siku moja na mtu wa miaka 71 utamchosha bure. Kogelo na Ndere pia ningetoa. Umeuliza dani mwenyewe anataka kuona nini? Sijaona mahali umesema.

---

Konkodi_mstaafu

Kwa wanaosoma na hawana gari, msitoke tarehe 22 mpaka 24. Nauli inapanda maradufu na hakuna wa kumlalamikia, utakaa stage masaa matatu na mizigo. Toka tarehe 15 huko, utapata kiti dirishani na dereva hana haraka.

---

MamaTatu_Nax

NyarMilimani asante sana, hiyo ya vidio nimeishika. Swali lako lilinifanya niwache simu niende nimuulize mama. Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimepanga kila kitu mimi nikamwambia tarehe tu.

Akaniambia yeye Tom Mboya alimjua kwa redio inamtosha. Anachotaka ni kuona mahali reli inaishia. Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, mama na ndugu zake walilelewa kwa zile landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Nakuru, na kila akienda Kisumu na treni alikuwa anarudi na samaki wa moshi amefungwa na gazeti. Mama anasema harufu ilikuwa inafika mlangoni kabla ya babu. Alikuwa anawaimbisha stesheni wakikula, na mpaka leo mama anazitaja kwa mpangilio bila kukosea: Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani, Lumbwa, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Kibos, Kisumu. Nimeishi na huyu mama miaka 38 na sijawahi kusikia hizo stesheni.

Yeye mwenyewe hajawahi kupita Londiani. Kwa hivyo nimefuta orodha. Naanza upya. Kuna kitu cha kuona pale stesheni kweli? Na treni yenyewe bado iko?

---

Mzee_wa_Kibos

Binti, mwambie mamako nimemsalimia, maana ametaja Kibos, na watu wengi wakitaja stesheni huiruka. Na Lumbwa siku hizi ni Kipkelion, asije akaitafuta kwa kibao akose.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, wakati huo mahali penyewe wazungu walikuwa wanapaita Port Florence. Ilikuwa ndio mwisho wa safari kutoka Mombasa, mizigo ya kwenda Uganda inashushwa hapo inaingia kwa meli. Ndiyo sababu stesheni na bandari ziko karibu karibu, mamako akisimama pale ataona reli inavyoelekea maji. Treni ya abiria ilikuwa imekufa miaka mingi, ikarudi Desemba 2021 baada ya njia kukarabatiwa. Ratiba hubadilika, kwa hivyo nenda stesheni ya Nakuru mwenyewe uulize kama wakati mtakaosafiri iko, usitegemee mtandao. Lakini nikwambie ukweli, ile inatoka Nairobi jioni na Nakuru inapita usiku, mtakuwa kwa giza njia yote, mama hataona Fort Ternan wala nini.

Mimi ningefanya hivi. Mkitoka Nakuru fikeni Londiani, badala ya kushika ile ya Kericho, shikeni inayopita Kipkelion, Fort Ternan, Koru mpaka Muhoroni. Inafuatana na reli, mara iko kushoto mara iko kulia. Ataona vibao vya majina yake ya kutoka hapo kwa macho. Kutoka Muhoroni unapita mashamba ya miwa ya Chemelil, Kibigori, Kibos, unaingia Kisumu kupitia Mamboleo. Ulizeni tu hali ya barabara siku hiyo kama mvua imenyesha, na mpite mchana.

---

Dere_wa_Mau

Naunga mkono mzee, ila neno moja kabla mfike huko Londiani. Salgaa mpaka Sachangwan, tafadhali. Hiyo njia nimeiendesha miaka kumi na minne na malori, na nimeona vitu sitaki kuandika hapa. Malori yanashuka na mizigo mizito breki zikiwa zimeshindwa. Tokeni Nakuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi kukiwa kumepambazuka, msitoke usiku eti mfike mapema. Usifuate lori nyuma karibu, na ukiona lori linakuja nyuma yako kwa kasi mteremkoni pisha, tafuta nafasi pembeni upishe, hakuna aibu. Watoto wafunge mkanda hata kama wanalia.

Mau Summit ni baridi, na masaa matatu baadaye mko kwa joto la Kibos, kwa hivyo sweta ziwe juu ya mizigo si chini. Wadogo masikio huziba mkishuka, wape kitu cha kutafuna. Na shosho msimame kila saa moja na nusu anyooshe miguu, magoti yakikaa yamekunjwa masaa manne akifika hatashuka.

---

Mwana_wa_Isukha

Wote mmeongea vizuri lakini naona Kakamega inataka kufutwa hapa kimya kimya, na mimi sikubali. Mama tatu, usiku wa tatu laleni huku kwetu. Kisumu usiku mbili zinatosha kabisa.

Sikilizeni kwanza watoto. Kisumu iko kusini ya ikweta kidogo, Kakamega iko kaskazini kidogo, kwa hivyo mkipanda kuja kwetu kupitia Kiboswa na Mbale mnaivuka. Alafu mkirudi nyumbani msipite tena Kisumu, shikeni Chavakali, Kaimosi, Kapsabet, Eldoret, mpite Timboroa, karibu na hapo mnaivuka tena. Huyo wa miaka 11 anasoma hiyo darasani sasa hivi, mpe ramani aangalie mwenyewe.

Msitu wenyewe si wa kuangalia kwa dirisha la gari. Huu ndio umebaki Kenya wa ile misitu mikubwa ya mvua kama ya Kongo, miti mingine ukiangalia juu kofia inaanguka. Kuna pande mbili. Buyangu kaskazini ni ya KWS, shirika la wanyamapori, kiingilio unalipa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, fanya hiyo nyumbani kabla hujatoka maana getini noti hawachukui na netiweki ya huko ni ya kubahatisha. Isecheno kusini, unapitia Khayega na Shinyalu, hiyo iko chini ya huduma ya misitu. Kwa sababu ya shosho mimi nawaelekeza Isecheno. Kuna njia ya tambarare anaweza kutembea na fimbo pole pole na mwelekezi, na hata akiamua kukaa kwa kiti nje tu kima na wale kolobasi wa mkia mweupe watakuja karibu, na hao turako wakubwa wa buluu watapita juu wakipiga kelele. Nyinyi na wakubwa mpande kilima cha Lirhanda alfajiri, muone ukungu umelala juu ya msitu. Mpeni mwelekezi wa hapo kazi, hao vijana wanajua kila mti na ulikuwa unatibu nini, na shosho yenu atawauliza maswali mpaka wachoke, namjua huyo mama na sijamwona.

Mchana wa saa nane huku mvua haiulizi mtu, kwa hivyo mambo yenu yote asubuhi. Beba tochi. Na mkitoka Kisumu mkiwa mmekaribia mji, Ilesi, simameni muone lile jiwe linaloitwa la kulia machozi, liko kando ya barabara, halihitaji kupanda. Jioni mtafute kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi. Mkija bila kula ingokho, huyo kuku wetu, mtakuwa mmepita tu.

---

NyarMilimani

Mwana wa Isukha hapo nakuunga mkono, na mimi nilikuwa nataka wabaki wote Kisumu. Usiku moja msituni ni sawa.

Siku ya Dunga nendeni asubuhi. Ziwa asubuhi limetulia, kuanzia alasiri upepo unaingia na mashua inaruka ruka. Mtu yeyote akikwambia laifjaketi ya mtoto hana, msipande, hata kama ni dakika kumi. Bei ya mashua kubaliana kabla ya kukanyaga ndani, ni ya mashua nzima ama ya kila mtu, uliza hivyo hivyo. Samaki pia, unachagua mwenyewe akiwa mzima, mnapatana bei, ndio anapikwa. Ngege (tilapia) kwa watoto chagua mkubwa, wadogo wana miiba mingi. Mbuta (sangara) ni nyama tupu, huyo wa miaka minne mpe huyo.

Makumbusho ya Kisumu iko kwa barabara ya kwenda Nairobi, ni ya tangu 1980, na kuna boma la Kijaluo wamelijenga lote ndani, nyumba ya mke wa kwanza iko wapi, ya pili wapi. Hapo hakuna ngazi za kumuumiza mtu. Kit Mikayi ni kama kilomita 29 kwa njia ya Bondo, mwende kama mna nguvu, shosho anaweza kukaa chini ya kivuli akiangalia, wamama wa hapo watamhadithia lile jiwe liliitwaje mke wa kwanza.

---

SistaWaZamu

Mimi ni muuguzi na ningependa wazazi wa Nakuru wasome hii vizuri. Kanda ya ziwa malaria iko mwaka mzima. Watoto waliozaliwa sehemu za juu kama Nakuru miili yao haijazoea, ikiwashika inawashika vibaya. Walale ndani ya neti usiku zote tatu, nguo za mikono mirefu ikifika saa kumi na mbili jioni, na mafuta ya kufukuza mbu. Mkirudi nyumbani, mtoto akipata homa hata wiki mbili tatu baadaye, mpeleke akapimwe na umwambie daktari tulikuwa Kisumu. Nimeona mtoto ametibiwa mafua siku nne Nakuru kwa sababu hakuna aliyetaja safari.

Watoto wasiingie ziwani kuoga, kichocho kiko, na viboko wako. Dawa za shosho zihesabiwe siku saba si nne, na ziwekwe kwa mkoba wake si kwa buti la gari. Kama kuna dharura Kisumu, ile hospitali kubwa ya rufaa ni Jaramogi, lakini ukiuliza boda mwambie Russia, kila mtu anaijua hivyo.

---

MamaTatu_Nax

Wadau nimerudi na mrejesho, tulifika nyumbani juzi.

Nyumba tulipata Milimani, chini, 5,500 usiku. Kabla ya hiyo wawili walikataa vidio, mmoja akanikasirikia kabisa nikamwambia asante nikakata. Huyu tuliyechukua alinionyesha mpaka nyuma ya choo. Nilituma 2,000, zingine nikalipa mlangoni. Kakamega tulilala karibu na msitu kwa 6,000. Kwa jumla imekuja 52,000 na kitu.

Barabara ya Fort Ternan tulipita. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu kama Dere alivyosema, na tulipofika Londiani mama akahama akaja kukaa mbele. Akikaribia kila mji anataja jina kabla kibao hakijaonekana, watoto wakaufanya mchezo, wa miaka minne sasa anasema Kibigori kila saa hata akiwa anaoga. Pale Koru tulisimama karibu na reli, mama akashuka na fimbo yake akaenda akaiangalia, akagusa kile chuma na mkono, akarudi kwa gari hakusema kitu mpaka Chemelil. Mimi nikaogopa labda anaumwa. Hakuwa anaumwa.

Stesheni ya Kisumu hakukuwa na treni siku hiyo. Nilimweleza mfanyakazi mmoja hadithi ya babu na akaturuhusu kuingia kidogo. Mama akasimama akaangalia upande wa bandari, alafu akageuka upande tuliotoka na akazitaja stesheni zote kinyume, kuanzia Kisumu kurudi Nakuru, polepole. Mkubwa wangu alimrekodi na simu. Nilidhani babu aliwafundisha upande mmoja tu. Akaniambia hapana, huu mwingine ndio walikuwa wanaimba wakimngoja arudi.

Dunga, Impala na makumbusho tulifanya, Kit Mikayi tukaacha. Msituni Mwana wa Isukha ulisema kweli, yule kijana mwelekezi na mama walikaa chini ya mti mmoja karibu saa nzima wakiongea dawa, sisi tukashuka Lirhanda tukawapata bado wako hapo hapo. Homa hakuna mpaka sasa, naangalia kila asubuhi.

Na kabla tutoke Kisumu ilibidi tupite soko la Kibuye juu mama alitaka samaki wa moshi. Muuzaji akamwekea kwa mfuko, mama akakataa, akauliza kama kuna gazeti. Mama wa watu akatafuta kwa majirani mpaka akapata. Tulirudi nao kupitia Kakamega, Kapsabet, Eldoret, na pale Timboroa kulikuwa na baridi kali tukafunga madirisha yote, gari likajaa harufu mpaka Nakuru.